Manifodi ya Kuingiza Hewa: Kipuri Kwanza, Spana Baadaye



Katika taarifa za matengenezo ya magari zinazoletwa kwenye vikao, kuna mstari ambao hujirudia: "Kufungua na kufunga manifodi, kubadilisha gasketi." Wajumbe wengine huupitisha bila swali kwa kuwa maneno yenyewe ni ya gereji. Wengine huukataa kwa sababu hiyo hiyo. Katika makala hii tunapenda kueleza kazi hiyo ni nini, inafanywaje hatua kwa hatua, na kwa nini katika kisiwa cha Pemba inahitaji kupangwa kwa uangalifu zaidi kuliko Dar es Salaam au Moshi. Hatuandiki ili mjumbe ashike spana. Tunaandika ili yule anayeidhinisha malipo ajue anaidhinisha nini, na ajue la kuuliza kabla gari halijafunguliwa.

Mazingira ya Pemba

Kisiwa cha Pemba kina urefu wa takriban kilomita 67, kuanzia upande wa Mkoani kusini, kupitia Chake Chake, hadi Wete, Konde na Micheweni kaskazini. Ni nchi ya vilima na mabonde. Gari linapanda na kushuka karibu safari nzima, na wakati wa msimu wa karafuu hubeba watu na mizigo zaidi ya kawaida. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula chuma. Kwenye njia za vijijini, wakati wa kiangazi kuna vumbi jekundu, na wakati wa masika kuna tope.

Jambo la pili ni vipuri. Vipuri vingi huja kwa boti kutoka Unguja au Dar es Salaam na kushushwa katika bandari ya Mkoani. Gasketi ambayo fundi wa Dar es Salaam huipata Gerezani asubuhi na kuifunga mchana, huku Pemba inaweza kuchukua siku kadhaa kufika, hasa bahari ikichafuka wakati wa kusi. Siku hizo zote gari lililokwisha kufunguliwa limekaa juu ya mawe. Kama ni gari la zahanati au la mradi, mgonjwa wa Micheweni anayepaswa kufikishwa Hospitali ya Chake Chake, au mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, atatafutiwa usafiri mwingine usiku huo, au atasubiri. Kwa hiyo gharama kubwa ya kazi hii haiko katika ufundi wala katika bei ya gasketi. Iko katika siku ambazo gari halipo.

Manifodi ni nini?

Injini inahitaji hewa nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo 1 huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa lugha ya kawaida, lita 1 ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Hewa hiyo hupita kwanza katika chujio, kisha huingia katika manifodi, ambayo ni chombo chenye mdomo mmoja upande wa chujio na matawi upande wa injini. Kila tawi hupeleka hewa kwenye silinda yake, na kazi ya chombo hicho ni kugawa kwa usawa, ili silinda moja isipate zaidi na nyingine ikakosa.

Manifodi hufungwa kwa bolti na nati kwenye ubavu wa kichwa cha injini, yaani silinda hedi. Katikati ya vyuma hivyo viwili huwekwa gasketi, karatasi maalumu au kipande cha chuma chembamba au mpira, ambacho huziba nafasi ndogo zilizobaki. Mara nyingi manifodi ni ya alumini, na magari mengi ya miaka ya karibuni yana manifodi ya plastiki ngumu. Ipo manifodi nyingine inayotoa moshi kwenda kwenye bomba la nyuma. Hiyo ni mada tofauti, ingawa katika injini nyingine hizo mbili zimepakana au hutumia gasketi moja, na fundi hulazimika kuzifungua pamoja.

Petroli na dizeli hazifanani

Katika injini ya petroli kuna mlango wa hewa unaofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Asipokanyaga, mlango unakaribia kujifunga, nazo pistoni zinaendelea kuvuta. Matokeo yake ndani ya manifodi kunakuwa na mvuto mkali wa hewa. Gasketi ikipasuka, hewa ya nje hunyonywa kupitia ufa huo bila kupimwa, na mchanganyiko wa hewa na mafuta huharibika.

Mvuto huo una kazi nyingine ambayo kamati inapaswa kuijua. Katika magari mengi ya petroli, busta inayompunguzia dereva nguvu za kukanyaga breki hupata mvuto wake kutoka kwenye manifodi kwa mpira mmoja mnene. Mpira huo ukiachwa wazi au ukiwa na ufa, pedali ya breki huwa ngumu. Breki haijafa, lakini inataka nguvu kubwa zaidi ya mguu. Kwenye mteremko, gari likiwa limejaa abiria, tofauti hiyo si ndogo.

Injini nyingi za dizeli za aina ya zamani hazina mlango wa kubana hewa, na breki zake hupata mvuto kwenye pampu ya pembeni. Mfano ni injini ya 1HZ ya silinda 6 na lita 4.2, iliyomo katika Toyota Land Cruiser nyingi za miradi. Kwa injini za namna hiyo gasketi inayovuja haileti kelele kubwa wala kutetemeka kwa gari, na hapo ndipo hatari ilipo. Hewa inayoingia kwenye ufa haijapita katika chujio. Inaingia na vumbi, na vumbi ni sawa na msasa ndani ya silinda. Dereva haoni kitu mpaka injini inapoanza kula oili na kukosa nguvu, na kufikia hapo tunazungumzia matengenezo ya injini nzima.

Dalili za kuangalia

Dalili za manifodi inayovuja katika gari la petroli ni hizi:

1. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, mngurumo hupanda na kushuka wenyewe, au injini huzimika.

2. Husikika sauti ya mluzi upande wa manifodi.

3. Injini inamisi, hasa asubuhi ikiwa ya baridi.

4. Pedali ya breki imekuwa ngumu kuliko zamani.

5. Maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja. Hii ni kwa injini zile tu ambazo maji hupita ndani ya manifodi.

Dalili moja haitoshi kuhukumu. Mngurumo mbaya unaweza kuletwa pia na plagi, nozeli au chujio lililoziba. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kunyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikiwaka, mbali na waya za plagi. Mngurumo ukibadilika maji yanapogusa sehemu fulani, ufa uko hapo. Wapo mafundi wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii. Tunaomba kamati zikataze jambo hilo, kwa sababu injini ya moto na petroli iliyomwagika huunguza gari na mtu.

Daftari la safari nalo husaidia. Dereva akiandika kilomita na lita kila anapojaza mafuta, na njia ikawa ile ile ya Chake Chake hadi Konde, kupanda kwa matumizi ya mafuta kutaonekana kwenye daftari mapema, kabla gari halijalala.

Kabla ya kufungua

Hapa ndipo tunapoweka mkazo wa makala hii. Kama gari bado linatembea kwa usalama, lisifunguliwe mpaka vipuri viwe vimefika mkononi. Fundi achunguze, aandike orodha, vipuri viagizwe, na gari liendelee na kazi. Kama breki zimekuwa ngumu au injini inazimika njiani, lisimamishwe mara moja, lakini hata hapo orodha itangulie spana.

Orodha isiwe na gasketi ya manifodi peke yake. Iwe pia na gasketi ya kabureta au ya mlango wa hewa, mipira midogo ya mvuto iliyokauka, klipu zake, bolti na nati za akiba, na maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Mpira wa bei ndogo ukikatika wakati wa kufungua, unaweza kulilaza gari sawa na gasketi yenyewe.

Jambo jingine ni namba ya injini. Kuagiza "gasketi ya Hiace" hakutoshi. Toyota Hiace zinazofanana kwa bodi zinaweza kuwa na injini ya petroli ya 1RZ au 2RZ, au ya dizeli ya 3L au 5L, na gasketi zake ni tofauti. Magari mengi yaliingizwa yakiwa yametumika Japani, na mengine yamebadilishwa injini baada ya kufika. Namba isomwe kwenye injini yenyewe, isiandikwe kwa kukumbuka wala kwa kuangalia kadi ya gari tu. Picha ya simu ya namba hiyo, ikitumwa kwa muuza vipuri, inaokoa safari ya boti.

Hatua za kufungua

Injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana tangu jana yake. Alumini ikiwa ya moto hupinda kwa urahisi bolti zinapolegezwa. Jioni hiyo bolti zenye kutu zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu. Pemba hatua hii si ya kuruka, maana bolti ya chuma ndani ya alumini, ikichanganyika na chumvi, hushikana kana kwamba imechomelewa. Ikivutwa kwa nguvu hukatika, na kuitoa iliyokatikia ndani ni kazi ya kutoboa na kutengeneza hesi upya.

Siku ya kazi fundi huanza kwa kupiga picha za sehemu yote. Hufungua waya wa hasi wa betri. Kwa injini zenye nozeli za petroli, hushusha kwanza presha iliyobaki ndani ya paipu za mafuta, kwa sababu petroli inayoruka ni hatari. Kama maji hupita ndani ya manifodi, hupunguza maji ya rejeta na kuyapokea katika ndoo safi.

Kisha hutoa chujio na bomba lake, kebo ya mafuta, na mipira yote. Kila mpira hubandikwa karatasi yenye namba, na mahali ulipotoka huwekwa namba hiyo hiyo. Baada ya hapo hutafuta mikono ya chuma inayoishikilia manifodi kutoka chini. Bolti zake hazionekani kwa urahisi, na fundi mwenye haraka huishia kuvuta manifodi ambayo bado imefungwa.

Bolti kuu hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, kwa mizunguko miwili au mitatu. Zikishatoka zote na manifodi bado imeng'ang'ania, hugongwa taratibu kwa kipande cha mbao au nyundo ya mpira. Bisibisi isichomekwe katikati kuibandua. Mkwaruzo wa bisibisi kwenye uso wa alumini utavuja hata ukiwekewa gasketi mpya.

Mara manifodi inapotoka, matundu ya injini yanabaki wazi. Nati moja ikidondokea humo, inaweza kupinda vali au kuvunja pistoni siku gari litakapowashwa. Kwa hiyo matundu huzibwa papo hapo kwa vitambaa safi, na vitambaa hivyo huhesabiwa. Vikiingia vinne, vitoke vinne.

Kusafisha na kupima

Gasketi ya zamani hukwanguliwa kwa kipande cha plastiki au mbao ngumu hadi nyuso zote mbili ziwe safi. Msasa usitumike, kwa sababu chembe zake huingia kwenye silinda na kufanya kazi ile ile ya vumbi. Masizi yaliyoganda ndani ya matawi husafishwa manifodi ikiwa nje ya gari, kisha ioshwe na kukaushwa vizuri.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni kupima kama uso umenyooka. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifodi, kisha hujaribu kupitisha chini yake vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Ukomo unaoruhusiwa umeandikwa katika kitabu cha matengenezo cha injini hiyo, na ni sehemu ndogo tu ya milimita. Uso uliopinda kupita ukomo huo hautazibwa na gasketi yoyote. Manifodi ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha, au inunuliwe nyingine.

Kurudisha

Gasketi iwe mpya. Ile ya zamani imekwisha kubanwa na kuchukua umbo lake, haitabanika mara ya pili. Tunafahamu kwamba kipuri kikichelewa, fundi hukata gasketi kwenye boksi la kawaida na kuipaka silikoni. Karatasi ya boksi hunywa maji na petroli, hulainika, na hunyonywa ndani vipande vipande. Silikoni nyingi hukamuliwa upande wa ndani na kuingia kwenye njia ya hewa, na silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Kama gasketi ya asili ni ya karatasi, fundi mzuri anaweza kukata nyingine kwa kutumia karatasi halisi ya gasketi yenye unene ule ule. Kama ni ya chuma au ya mpira, hakuna mbadala.

Vitambaa hutolewa na kuhesabiwa. Gasketi huwekwa, na fundi huhakikisha kila tundu lake linalingana na tundu la injini. Manifodi hurudishwa, na bolti zote huanzishwa kwa vidole. Bolti inayokataa vidole haiko sawa kwenye hesi, na haipaswi kulazimishwa kwa spana.

Kukaza hufuata utaratibu ulio kinyume na wa kufungua: katikati kwanza, kisha kuelekea pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu, kwa spana yenye kipimo. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha injini. Kwa bolti za milimita 8 kwenye alumini, mara nyingi kiko kati ya nyutoni-mita 20 na 30. Nyutoni-mita 20 ni kama kuvuta uzito wa kilo 10 kwa mpini wa sentimita 20, nguvu ambayo mtu mzima huitoa kwa mkono mmoja bila kujikakamua. Kukaza kupita kiasi hukata bolti, huua hesi na hupindisha manifodi.

Mipira na waya hurudishwa kwa namba zake. Maji ya rejeta hujazwa na hewa iliyonaswa hutolewa. Betri hufungwa mwisho.

Kuwasha na kukabidhi

Kabla ya kuwasha, ufunguo huzungushwa hadi pampu ya mafuta ifanye kazi, na fundi hutazama kama kuna petroli inayovuja. Kisha injini huwashwa na kuachwa iunguruma mpaka ipate joto lake. Mngurumo uwe umetulia na mluzi usiwepo. Breki hujaribiwa gari likiwa limesimama: dereva huzima injini, hukanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, huendelea kuikanyaga, kisha huwasha. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, mpira wa busta haujakaa sawa, au busta yenyewe ina tatizo, na gari lisitoke gereji.

Kesho yake injini ikiwa ya baridi, maji yaangaliwe tena na maungio yote yakaguliwe.

Maswali kwa ajili ya kikao

Tunapendekeza kamati inayoletewa makadirio ya kazi hii iulize yafuatayo:

1. Ni dalili gani zilizoonekana, na uvujaji umehakikishwa kwa njia gani?

2. Namba ya injini imesomwa wapi, na imeandikwa kwenye oda?

3. Orodha ya vipuri imekamilika, pamoja na mipira na klipu?

4. Vipuri vimefika? Kama bado, gari linaweza kuendelea kutumika kwa usalama hadi vifike?

5. Fundi ana spana yenye kipimo na kitabu cha injini, na atapima unyookaji wa manifodi?

6. Siku gari litakapokuwa gereji, nani atachukua wagonjwa na safari zake?

Kwa wahisani wetu, tunapenda kusema kwamba spana yenye kipimo, rula ya chuma na kitabu cha matengenezo cha injini husika ni vifaa vinavyodumu miaka mingi, navyo mara nyingi havimo katika bajeti za magari tunazoziona. Bajeti huweka matairi na mafuta, na kuacha kifaa kinachomwezesha fundi wa Pemba kufanya kazi hii mara moja tu. Seti moja ya gasketi na mipira ya injini yenu, ikikaa kwenye kabati la ofisi Chake Chake kabla ya kuhitajika, haitaisubiri boti.